Taja Kifungu, Afande



Hapa mezani kwangu kuna karatasi ya faini ya Sh 10,000. Si yangu, ni ya kaka yangu anayeendesha bodaboda Kahama. Alisimamishwa na trafiki mmoja akiwa anaenda kuchukua mzigo kwenye kijiji asichokijua upande wa Msalala. Akaulizwa leseni, akaitoa. Bima ipo. Helmeti kaivaa na kaifunga mkanda. Taa zinawaka zote. Ndipo afande akasikia sauti ya mwanamke ikitoka ndani ya helmeti, inasema kwa Kiingereza kwamba baada ya mita mia tatu pinda kulia.

"We dogo, unasikiliza muziki barabarani?"

Kaka akajibu kwa adabu kwamba si muziki, ni ramani ya simu. Afande akasema vyote ni vilevile. Likaandikwa kosa la kuendesha bila uangalifu. Kaka akauliza swali moja tu, swali nililomfundisha mimi, na ndilo lililomweka juani nusu saa nzima: "Afande, naomba unitajie kifungu kinachokataza spika ya helmeti."

Hakutajiwa. Alilipa ili awahi mzigo, maana mzigo usipofika na hesabu ya tajiri haifiki.

Najua kuna watu watasema, wewe binti, uko mwaka wa tatu sheria, nchi inalilia Katiba Mpya, watu wanalilia Tume Huru, wewe unatuletea habari za spika za helmeti? Ndiyo, nazileta. Kijana wa bodaboda ndiye mpiga kura wetu, ndiye anayebeba bendera zetu kwenye misafara, na dola anakutana nayo pale alipo trafiki, kila siku asubuhi na jioni. Katiba kama haimfikii pale, basi haijamfikia popote.

Nianzie mwanzo, mjue hicho kifaa kimefikaje kichwani kwa kaka.

Ukanda wetu huu wa dhahabu mnaujua. Kahama, Mwime, Segese, Kakola, ukivuka Nyarugusu, Rwamgasa, Katoro mpaka Geita mjini. Rashi ikilipuka sehemu, ndani ya wiki mbili pori linageuka mji. Kuna maduara, kuna karasha, kuna mama ntilie, kuna gesti ya turubai. Mji huo hauna barabara yenye jina wala kibao. Mteja anakupigia: njoo unichukue, nakutumia lokesheni WhatsApp. Zamani dereva alikuwa anauliza njia kwa watu. Leo saa tano usiku kwenye pori la wachimbaji utamuuliza nani? Na ukimuuliza usiyemjua, kesho pikipiki imeibwa na wewe uko mtaroni.

Kwa hiyo vijana wote wanafanya kile mnachokifanya nyie mnaonisoma. Unaweka ramani, unaipachika simu ndani ya helmeti, kati ya povu na shavu, sikio likiikandamiza. Twende. Kila kijiwe Shinyanga utaona mashavu yamechorwa alama ya simu.

Kaka alifanya hivyo miaka miwili. Usiku mmoja kwenye makorogesheni ya njia ya Kakola simu ikachomoka. Mkono wa kushoto ukaifuata bila hata kufikiri, kama mtu anavyodaka kikombe kinachodondoka. Pikipiki ikalala. Mfupa wa bega la kaka ulivunjika, abiria akachunika mguu kuanzia goti kushuka. Wiki saba kaka hakuendesha. Wiki saba tajiri alidai hesabu yake, na wiki saba mimi chuoni nilikuwa nakula mlo mmoja, maana hela ya kula ilikuwa inatoka kwenye lile bega. Ndiyo maana sizungumzii jambo hili kama mtu wa pembeni.

Alipopona nikasema kaka, hii simu ya shavuni imekwisha. Nikaanza kutafuta. Niliyojifunza nayaandika hapa, kwa sababu kwenye maduka ya simu watu wanauziwa vitu vya ajabu.

Cha kwanza, achana kabisa na iyafoni za kuchomeka ndani ya tundu la sikio. Zile zinaziba. Hiace inapiga honi nyuma yako, wewe huisikii. Lori la mgodi linakuja, huna habari. Hapo trafiki akikukamata, mimi mwenyewe sitakutetea kwa nguvu. Unachotaka ni spika bapa, nyembamba, zinazokaa kwenye kitambaa cha ndani ya helmeti, mkabala na sikio. Sikio linabaki wazi. Sauti ya ramani inaingia na honi inaingia. Tulijaribu na kaka kijiweni: nikasimama nyuma yake hatua kumi, nikamwita kwa sauti ya kawaida huku ramani inaongea. Akageuka. Hicho ndicho kipimo. Kama hageuki, punguza sauti mpaka ageuke.

Cha pili ni helmeti yenyewe, na hapa ndipo wengi wanaharibu. Zile kofia za nusu kichwa za bei chee hazina pa kuweka spika. Mtu anachukua kisu, anachimba povu jeupe la ndani atengeneze shimo. Jamani, lile povu ndilo helmeti! Ganda la nje linazuia kitu kisipenye, lakini kinachomeza kishindo ni povu. Ukilichimba umebaki na bakuli. Tafiti zilizokusanywa na wataalamu wa Cochrane zinaonyesha helmeti inapunguza uwezekano wa dereva kufa kwenye ajali kwa takriban asilimia 42, na kuumia kichwa kwa takriban asilimia 69. Usiuze asilimia hizo kwa ajili ya spika. Nunua helmeti inayofunika uso wote, yenye nafasi ya masikio iliyotoka kiwandani. Kama hela inatosha kitu kimoja tu, nunua helmeti nzuri, spika isubiri.

Halafu vumbi. Vifaa vya kampuni kubwa, kama Sena na Cardo, vimetengenezwa kwa watu wanaotembea na pikipiki kwa starehe. Vile vya juu, ukijumlisha na kusafirisha, vinakaribia Sh 1,000,000. Bei yake inabebwa na teknolojia ya kuunganisha pikipiki nyingi zikapiga soga njiani. Sisi soga tunapigia kijiweni. Ukiona kifaa kinasifiwa kwamba kinaunganisha watu kumi na tano, jua unalipia usichokihitaji. Angalia zile namba za IP kwenye boksi. Tarakimu ya kwanza ni ya vumbi na 6 ndiyo ya juu kabisa, vumbi haliingii. Ya pili ni ya maji, na 7 maana yake hata kikizama mita moja kwa nusu saa kinatoka kizima. Mvua ya masika ya Geita na vumbi la Kakola, ukipata IP67 umepata. Ila boksi linaweza kusema uongo, kwa hiyo nunua kwa mtu atakayekuwepo dukani wiki ijayo.

Vitufe viwe vikubwa, vibonyezwe na kidole chenye glavu au chenye tope. Chaji ikae kutwa nzima. Ramani uishushe kwenye simu ukiwa na bando, maana kule maporini mtandao unakata lakini GPS haikati. Inatoka kwenye satelaiti, haihitaji bando. Cha kaka ni cha Kichina, kilitugharimu Sh 65,000. Hiyo ni zaidi ya hesabu ya siku sita.

Na kuongea na simu ukiwa barabarani, hapana. Hata kama mikono yako miwili iko kwenye usukani. Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba simu isiyoshikwa mkononi si salama sana kuliko ile ya kushika, kwa sababu kinachoondoka barabarani ni akili. Kusikia "pinda kulia" ni sekunde mbili. Kubishana na mteja kuhusu nauli ni kilomita nzima. Kaka amezima kupokea simu kwenye kile kifaa. Kwa hiyo afande asiniambie natetea uzembe.

Sasa turudi kwenye kifungu.

Sheria yetu ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, ilitungwa mwaka 1973. Imerekebishwa hapa na pale, lakini mifupa ni ileile. Mwaka huohuo 1973, mwezi Aprili, ndipo mhandisi wa Motorola alisimama barabarani New York akapiga simu ya kwanza kabisa ya mkononi. Bluetooth imekuja miaka ya 1990. Waliotunga sheria hatuwezi kuwalaumu kwa kutokuona mbele kiasi hicho. Wa kulaumiwa ni hawa waliopo bungeni leo, wenye simu mbilimbili mezani, wanaoshindwa kukaa siku moja wakaandika kanuni ya aya tatu.

Maana kanuni hiyo wenzetu wameiandika. Ufaransa, kuanzia Julai 2015, ilipiga marufuku dereva yeyote kuvaa iyafoni au hedifoni sikioni, pikipiki ikiwemo, faini yuro 135. Lakini spika zilizofungwa ndani ya helmeti wakaziacha. Jimbo la California huko Marekani lina njia nyingine: kuziba masikio yote mawili ni kosa, kuziba moja si kosa. Unaweza kubishana ipi ni bora. Mimi naona ya Ufaransa ina akili zaidi, kwa sababu inaangalia kifaa kinafanya nini kwenye sikio. Jambo ni kwamba dereva wa kule anajua kabla hajatoka nyumbani kama anavunja sheria au havunji. Dereva wa Kahama anajulishwa na filimbi.

Watu wa serikali watajibu kwamba kosa la kuendesha bila uangalifu linatosha, linabeba kila kitu. Hapana, haliwezi kuwa gunia. Kuendesha bila uangalifu ni lazima kuonekane kwenye uendeshaji: umeyumba, umepita taa, umemkosakosa mtoto. Kaka alikuwa kwenye upande wake, kwa mwendo wake, akasimama aliposimamishwa. Uzembe uko wapi? Ibara ya 13(6)(c) ya Katiba yetu ya 1977, hii hii tunayoilalamikia, inakataza mtu kuadhibiwa kwa kitendo ambacho alipokitenda hakikuwa kosa kisheria. Ibara hiyo haijaweka kiwango cha chini cha hela. Inamlinda mwenye shauri la bilioni na inamlinda mwenye faini ya elfu kumi.

Mtaniambia faini imeshashuka. Kweli, mwaka 2021 ilishushwa kwa bodaboda na bajaji kutoka Sh 30,000 hadi Sh 10,000, tuwape haki yao. Ila mwaka huohuo wakaongeza Sh 100 kwenye kila lita ya mafuta na wakaleta tozo za miamala. Kilichotoka mfuko wa kulia kikarudi kuchukuliwa wa kushoto.

Halafu kuna hili linaloniuma zaidi. Kaa pembeni ya barabara kuu ya Shinyanga kwenda Kahama utazame msafara wa viongozi ukipita. V8 nyeupe, vioo vyeusi, kioo cha ramani kimefungwa palepale kwenye dashibodi kutoka kiwandani, spika nane zinazunguka gari zima zinamwambia dereva pinda kulia, pinda kushoto. Madirisha yamefungwa, kiyoyozi kinavuma, honi ya pikipiki humo ndani haisikiki kabisa. Trafiki anapiga saluti. Nyuma yake anakuja kijana na spika mbili za ukubwa wa kifuniko cha chupa ya maji, anapigwa filimbi. Ibara ya 13(1) inasema watu wote ni sawa mbele ya sheria. Sawa yupi na nani?

Na si V8 tu. Nenda kwenye geti la mgodi wowote mkubwa wa ukanda huu. Ndani ya uzio gari haliingii machimboni bila redio ya mawasiliano. Dereva wa lori la mawe anaambiwa sikioni wapi apite, nani anakuja mbele, wapi kunalipuliwa. Wazungu hawakuweka redio zile kwa kupenda muziki. Wameshapiga hesabu wakaona kwamba dereva anayeelekezwa kwa sauti huku macho yakiwa barabarani anaua watu wachache kuliko anayetazama karatasi. Ukitoka nje ya geti hilohilo, hatua hamsini, hekima ileile inageuka kosa kwa sababu aliyevaa ni mtoto wa Kisukuma mwenye Boxer ya mkataba.

Serikali yenyewe inalijua hili. Mpango wa m-mama wa kuwasafirisha wajawazito na watoto wachanga wa dharura ulianza kujaribiwa Sengerema, ukaja kwetu Shinyanga, na mwaka 2022 ukazinduliwa kitaifa. Mama akipata shida usiku, inapigwa namba 115, anatafutwa dereva wa jamii aliye karibu, analipwa kwa simu. Ni mpango mzuri, nausifu bila kigugumizi, na kuna watoto wanatambaa leo Kishapu kwa sababu yake. Lakini nini maana yake? Maana yake dola limekubali kwamba dereva wa kawaida akipata maelekezo kwa simu na kuifikia nyumba haraka, anaokoa uhai. Basi mpeni na yule wa bodaboda njia halali ya kuyasikia maelekezo.

Hela ya kufanya kitu ipo, na ipo kisheria. Kifungu cha 105 cha Sheria ya Madini, baada ya marekebisho ya 2017, kinamlazimu mwenye leseni ya uchimbaji kuandaa kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Madiwani wa Geita na Msalala, ni lini mmekaa na mgodi mkasema mwaka huu pamoja na madarasa tunataka helmeti elfu tano za ubora unaopimwa, zenye nafasi ya spika? Kuna asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo 4 ni ya vijana. Mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023 kwa zaidi ya mwaka, na iliporudi bado kijana anatakiwa kwanza aunde kikundi, katiba ya kikundi, muhuri, barua ya mtendaji, barua ya afisa maendeleo. Kijana wa kijiwe ana kikundi tayari, kinaitwa kijiwe! Kina mwenyekiti, kina katibu, kina daftari la rambirambi. Kikopesheni helmeti, kitarudisha elfu moja moja kwa siku.

Nimewasema wao, sasa nitusemee na sisi. Mkutano wa hadhara uliopita huku kwetu, nani aliandaa msafara wa bodaboda? Sisi. Tuliwajazia lita mbili mbili, tukawapa bendera, wakaja kwa mishikaki, watatu watatu, honi mpaka mwisho, helmeti nilihesabu nne kwenye pikipiki zaidi ya sitini. Picha tukazirusha mtandaoni tukijisifu kwa mafuriko ya watu. Chama tawala nao hufanya hivyohivyo, tena kwa mafuta mengi zaidi, lakini sisi ndio tunaosema tuko tofauti. Nimewaandikia viongozi wangu wa wilaya kupendekeza kitu rahisi: msafara ujao, asiye na helmeti hajaziwi mafuta. Sijajibiwa. Nimekumbushia mara mbili.

Kaka anaendelea kuvaa kifaa chake. Alichobadilisha ni kimoja: akiona trafiki kwa mbali anapunguza sauti ya yule mwanamke wa Kiingereza, ambaye hata hivyo jina la Nyang'hwale limemshinda kulitamka. Na wenzake watatu kijiweni wameshaniuliza nilikinunua wapi.

Mimi nimeandika barua kwa mkuu wa usalama barabarani wa wilaya, ina maswali mawili. Spika iliyofungwa ndani ya helmeti, isiyoziba sikio, ni kosa kwa kifungu gani au kanuni ipi? Na kama hakuna, elfu kumi ya kaka inarudishwa kwa utaratibu upi? Barua imegongwa muhuri wa kupokelewa, nakala ninayo. Kama kuna kamanda ambaye naye ameandikiwa faini ya namna hii, Kahama, Geita, Katoro, popote, apige picha karatasi yake, afiche jina na namba ya leseni, anitumie. Zikifika kumi nitaambatanisha zote kwenye barua ya pili. Na kama yupo afande anayesoma hapa na anakijua hicho kifungu, akiandike hapo chini. Nitakichapisha kama kilivyo, na kaka nitamvua spika mimi mwenyewe.